Kaske ya kazi si kaske ya tukutuku

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na wewe kijana unayesoma gazeti la baba yako,

Simama siku moja mbele ya mlango mkubwa wa kazi, saa posti ya usiku inapotoka. Utaona jambo la kushangaza. Mtu anatoka karyeri. Amevaa kaske tangu saa nne ya usiku, na hakuivua hata mara moja, kwa sababu anajua kapita angemwita kwa jina mbele ya wote, na kwa sababu anajua kwamba mawe hayana huruma. Anapita mlangoni. Hatua tatu mbele anavua kaske, anaitundika kwenye mkono kama kikapu cha soko, na anapanda nyuma ya tukutuku ya teksi. Shofere anawasha moto. Wanakwenda, kichwa wazi, kati ya makamyo ya shaba na matanki ya asidi, kilometa 50 au 60 kwa saa.

Kwa saa nane mtu huyu amelinda kichwa chake mahali ambapo wakubwa wanamwangalia. Sasa amekiacha bila ulinzi mahali ambapo hakuna wa kumwangalia ila yeye mwenyewe.

Tulimjua ndugu mmoja, fundi wa mashine. Hatutaji jina lake, kwa sababu watoto wake wanasoma gazeti hili. Alifanya kazi miaka 19 bila kupoteza hata siku moja kwa ajali. Vijana wengi walifundishwa naye kufunga mshipi wa usalama na kuweka kufuli kwenye umeme kabla ya kugusa mashine. Kisha ikaja siku moja ya mwezi wa kumi na moja, mwanzo wa mvua, wakati vumbi la njia limegeuka utelezi. Tukutuku iliyombeba ilikwepa shimo, gurudumu la nyuma likateleza. Hawakuwa wakikimbia sana. Shofere aliumia goti. Ndugu yetu aligonga kichwa kwenye ukingo wa mfereji. Kaske yake ya kazi iliokotwa karibu naye, nzima, bila hata mkwaruzo. Ilikuwa mkononi.

Hakufa. Lakini leo bibi yake anamfunga vifungo vya shati. Mtoto wake wa kwanza anamwita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Ile mashine aliyoitengeneza miaka 19, hajui tena inaitwa nini.

Watu waliposikia walisema, "Laiti angalivaa kaske yake!" Ni neno la huruma, lakini si neno kamili. Hata kama angaliivaa ile kaske ya kazi, huenda isingalimsaidia sana. Na hilo ndilo tunalotaka kueleza leo, kwa sababu wako wafanyakazi wengine wanaopanda tukutuku na kaske ya kazi kichwani, wakifikiri wamekwisha kujilinda.

KASKE MBILI, KAZI MBILI

Chukua kaske yako ya kazi, igeuze, utazame ndani. Utaona kanda zimefungwa kama kitanda kidogo cha kamba. Kichwa chako kinakaa juu ya kanda hizo, hakigusi plastiki ya nje. Kati ya kichwa na plastiki kuna nafasi tupu. Jiwe au bulo ya chuma ikianguka kutoka juu, kanda zinanyooka, nafasi ile inapungua, na nguvu ya pigo inagawanyika juu ya kichwa chote badala ya kuingia mahali pamoja. Ni kazi nzuri. Kaske nyingi za kazi zinafuata kanuni ya Ulaya inayoitwa EN 397, ambayo inajaribu kaske kwa kuangusha chuma cha kilo 5 kutoka kimo cha meta moja, juu ya utosi.

Angalia vizuri: kutoka juu. Juu ya utosi. Lakini mtu anayeanguka kutoka tukutuku hagongi kwa utosi peke yake. Anagonga kwa paji la uso, kwa sikio, kwa kisogo. Kule pembeni kaske ya kazi haina kanda za kumeza pigo, wala haifuniki masikio na kisogo.

Tena kuna jambo la kamba ya kidevu. Wengi hawalijui. Kanuni hiyo ya EN 397 inataka kamba ya kidevu iachie ikivutwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi. Kwa nini? Kwa sababu mfanyakazi akinaswa na kaske yake kwenye chuma, asinyongwe. Kazini hilo ni jambo la akili. Njiani ni kinyume. Tukutuku inapoanguka, mwili unagonga mara ya kwanza, unaruka, unagonga mara ya pili na ya tatu. Kaske iliyotengenezwa ili iachie inaweza kutoka kwenye pigo la kwanza, na kichwa kikabaki wazi kwa yale yanayofuata.

Sasa tazama kaske ya tukutuku. Nje ina ganda gumu, la plastiki nene au la nyuzi za kioo. Ganda hilo linazuia jiwe lisichome, tena linateleza juu ya lami badala ya kushika. Ndani ya ganda kuna povu gumu, jeupe au jeusi, la namna ile inayozunguka televizyo mpya ndani ya kartoni. Unene wake katika kaske njema ni karibu santimeta 2 na nusu au zaidi. Watu wengi hudhani povu hilo limewekwa kwa starehe. Hapana. Povu hilo ndilo kaske yenyewe. Kichwa kinapogonga, povu linabonyea na kusagika, na katika kusagika kwake linameza nguvu ambayo ingeingia katika ubongo. Kisha kuna kitambaa laini, hicho ndicho cha starehe. Na mwisho kuna kamba ya kidevu yenye nguvu, isiyoachia.

Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, kaske si kaske tena. Ganda bila povu ni sufuria. Povu bila kamba ni mpira unaoviringika barabarani.

MWENDO NI KIMO

Sisi watu wa migodi tunaogopa kimo. Hakuna mfanyakazi mwenye akili anayeruka kutoka juu ya gradini ya karyeri. Basi tufanye hesabu pamoja. Tukutuku inayokwenda kilometa 40 kwa saa, ikigonga kitu kisichosogea, inampiga mtu kama vile ameanguka kutoka kimo cha meta 6 hivi. Ni nyumba ya gorofa moja. Kwa kilometa 60 kwa saa, kimo ni karibu meta 14. Mwendo ukizidi mara mbili, kimo kinazidi mara nne.

Ndiyo sababu hatusemi kwamba kaske inamfanya mtu kuwa chuma. Kaske za kanuni ya Umoja wa Mataifa zinajaribiwa kwa kugonga chuma kwa mwendo wa meta 7 na nusu kwa segonde, yaani kilometa 27 kwa saa. Mtu akisikia hivyo atasema, "Basi haina faida, maana tukutuku inakimbia kupita hapo." Asifikiri hivyo. Ajalini mara nyingi mwili unateleza chini, na kichwa kinagonga lami kwa mwendo mdogo kuliko ule wa tukutuku. Waganga walipokusanya uchunguzi mwingi wa inchi mbalimbali na kuupima pamoja mwaka 2008, walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Yaani kati ya watu kumi ambao wangeumia kichwa, karibu saba wanapona. Tunajua dawa chache zenye nguvu kama hiyo. Lakini tukutuku inayokwenda polepole, na kaske juu yake, ni mambo mawili yanayosaidiana. Mwambie shofere wako apunguze. Wewe ndiwe unayelipa.

NAMNA WATU WALIVYOJIFUNZA

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwezi wa tano mwaka 1935, huko Uingereza, afisa mmoja aliyejulikana sana kwa vita vya Uarabuni, T. E. Lawrence, alianguka na tukutuku yake alipokuwa akikwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kaske. Alilala siku sita bila fahamu, kisha akafa. Kati ya waganga waliomwangalia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakusahau kifo kile. Vita vikuu vya pili vilipoanza, alihesabu askari wa tukutuku waliokuwa wakifa kwa kugonga vichwa, akaona kwamba wale wachache waliovaa kaske walipona. Aliandika habari hiyo mwaka 1941, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliamuru askari wake wa tukutuku wavae kaske.

Baadaye ikawa sheria ya raia. Jimbo la Victoria huko Australia lilianza mwaka 1961. Uingereza ilifuata mwaka 1973. Mwaka 1972 kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 ilianza kutumika, nayo ndiyo inayosema kaske ya tukutuku ijaribiwe namna gani.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni Vietnam, kwa sababu ile ni inchi ya watu wa kawaida wanaoishi kwa tukutuku kama sisi. Tangu tarehe 15 desemba 2007, kila anayeendesha na kila anayebebwa, katika kila barabara, lazima avae. Siku ya kwanza tu, miji iligeuka. Karibu kila mtu alivaa, na hospitali zikaona vichwa vilivyovunjika vikipungua. Na hapa jirani, katika mji wa Kigali, tukutuku ya teksi inabeba kaske ya pili kwa ajili ya msafiri, naye anaivaa kabla ya kuondoka. Hakuna anayecheka. Ni desturi tu, kama kufunga mlango wa nyumba usiku.

Na kwetu? Sheria ya barabara ya inchi yetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 agosti 1978. Kaske ni lazima kwa anayeendesha na kwa anayebebwa pia. Basi sheria si ngeni, ina umri kupita vijana wengi wanaoendesha tukutuku mbele ya mlango wetu. Kilichobaki ni sisi. Unamwona shofere ametundika kaske kwenye usukani. Akiona polisi wa barabara anaivaa, akimpita anaivua. Kaske hiyo inamlinda na polisi. Na lami, je, nani atamlinda nayo?

NAMNA YA KUCHAGUA

Sokoni kuna kaske za kila namna. Nyingine ni ganda jembamba lenye sifongo laini ndani, kama toto la mchezo. Muuzaji atakuambia ni kaske kali. Usibishane naye, tumia mikono yako.

Kwanza, tazama ndani. Ingiza kidole nyuma ya kitambaa. Kama unakuta povu gumu, nene, linalozunguka kichwa chote, ni vema. Kama unakuta sifongo inayobonyea kama mto wa kulalia, rudisha.

Pili, tafuta alama. Kaske iliyofuata kanuni namba 22 ina karatasi ndogo ya kitambaa iliyoshonwa, mara nyingi kwenye kamba ya kidevu. Juu yake kuna herufi E ndani ya duara, na namba ya inchi iliyoikubali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 6 ni Ubelgiji. Kaske za kanuni ya Marekani zina neno DOT nyuma. Lakini alama inaweza kuigwa na mwongo, ndiyo sababu tulitangulia kusema utazame povu.

Tatu, ivae. Iwe imekaza kidogo kwenye mashavu na paji la uso, isiume. Funga kamba hata kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu. Tikisa kichwa: kaske ifuate kichwa, isicheze peke yake. Kisha shika ukingo wa nyuma, jaribu kuivuta kwenda mbele. Ikitoka, si yako.

Nne, uliza habari zake. Usinunue kaske iliyotumiwa na mtu usiyemjua. Povu lililosagika mara moja halirudi. Nje kaske inang'aa, ndani imekwisha kufa. Kwa sababu hiyo hiyo, kaske yako ikiisha kukuokoa katika ajali, ishukuru na uitupe. Ikate kamba kwanza, mtoto asiiokote akaivaa.

Tena, usiioshe kwa esansi wala usiipake rangi. Esansi na rangi nyingine zinakula plastiki. Maji na sabuni vinatosha.

WEWE UNAYEKAA NYUMA

Wafanyakazi wengi hawaendeshi, wanabebwa. Mtu anayebebwa hufikiri kwamba hatari ni ya shofere. Kumbe shofere ameshika usukani, anaona shimo kabla yako, na mikono yake inajitayarisha. Wewe huoni kitu ila mgongo wake. Tukutuku ikisimama ghafula, wewe ndiwe unayeruka.

Basi kabla ya kupanda, tazama mambo machache. Je, shofere ana kaske yake na ya kwako? Je, amelewa, au macho yake yamechoka kama yako? Je, taa zinawaka? Wakati wa kiangazi, kamyo moja ikipita inaacha wingu la vumbi ambalo ndani yake tukutuku haionekani. Hapo gile yako ya kazi, ile yenye kanda zinazong'aa, ina faida kubwa. Vua kaske ya kazi uvae ya tukutuku, lakini gile usiivue mpaka nyumbani.

Panda kwa upande wa kushoto, ukiweza, kwa sababu mara nyingi bomba la moshi liko kuume, nalo linaunguza mguu. Kaa kwa kupanua miguu, vikanyagio chini ya nyayo. Kaske ya kazi na mfuko wa bukari weka ndani ya mfuko wa mgongoni, mikono ibaki huru kushika. Mama aliyevaa kitenge, akusanye nguo vizuri mbali na gurudumu na mnyororo. Na watu wawe wawili, si watatu, si wanne na gunia la unga.

Juu ya watoto tuseme wazi. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hawezi kujishika. Kaske ya mtu mzima inamzunguka kichwani bila kumlinda. Na mtoto mchanga mgongoni kwa mama, shingo yake ni changa mno, haiwezi kubeba kaske. Kama kuna basi, mpeleke kwa basi. Kama ni karibu, tembeeni. Baba anayenunua kaske moja kwa ajili yake na kumkalisha mtoto mbele kwenye tanki, kichwa wazi, hajafikiri vizuri kichwa kipi kina miaka mingi mbele yake.

MANENO TUNAYOSIKIA

"Kaske ya teksi inanuka, imevaliwa na watu mia." Ni kweli, na jasho na magonjwa ya ngozi yanaweza kupita huko. Vaa kitambaa chepesi cha pamba kichwani kwanza, ukifue kila siku. Au nunua kaske yako mwenyewe. Wewe unayepanda tukutuku mara mbili kwa siku, siku sita kwa juma, unapanda zaidi ya mara mia sita kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo anastahili kaske yake.

"Inaharibu nywele." Mama zetu, tunajua kazi ya kusuka, na tunajua bei yake. Lakini nywele zinasukwa upya Jumamosi. Mganga akitaka kupasua kichwa, jambo la kwanza analofanya ni kunyoa.

"Inaziba masikio, sitasikia kamyo." Honi ya kamyo inasikika hata ndani ya kaske. Upepo unaopiga masikio wazi nao unazuia kusikia.

"Naenda karibu tu." Ndugu yetu fundi wa mashine alikuwa karibu na nyumba yake.

"Ajali haina kinga." Wazee walisema hivyo kwa kumfariji mtu aliyepatwa. Hawakusema hivyo kwa kumzuia mtu asijikinge. Kama hakuna kinga, kwa nini kila asubuhi tunavaa kaske, viatu vya chuma na miwani kabla ya kuteremka? Na miaka mingi imetuonyesha kwamba vinatulinda.

KAMA MTU AMEANGUKA

Siku moja utakuwa wewe unayepita na kukuta mwenzako amelala njiani. Fanya hivi.

Zuia makamyo kwanza. Weka mtu mbele na mtu nyuma wa kupunga nguo, usije ukafa juu yake. Usimvute kwa mikono, usimkalishe, usimmwagie maji, usimpe kitu cha kunywa. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Mtu mmoja apige magoti, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Kaske usiivue, isipokuwa kama hapumui au anasongwa. Hapo wawe wawili: mmoja anashika shingo na kidevu kutoka chini, mwingine anavuta kaske polepole. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuzeni kwa ubavu, mwili wote kwa mara moja kama gogo, ili matapishi yasimsonge. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Kisha hospitali.

Na sasa jambo ambalo limeua watu waliokwisha kuinuka na kupangusa vumbi. Mtu amegonga kichwa, amezimia kidogo, ameamka, anasema, "Mimi mzima, nipelekeni nyumbani nilale." Msimwache alale peke yake. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya mfupa na ubongo, na kwa saa chache anaonekana mzuri. Mpelekeni kwa munganga siku ile ile. Na nyumbani, mama, mwangalie siku ile na kesho yake. Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika mara kwa mara, akiwa na usingizi usioamka, akisema maneno yasiyofuatana, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akipata kifafa, au damu ama maji yakitoka sikioni au puani, usingoje asubuhi. Na asinywe pombe, kwa sababu ulevi unaficha dalili hizo.

Tena, ajali iliyotokea njiani kati ya nyumba na kazi, pasipo kupotea njia kwa mambo yako mengine, sheria ya usalama wa jamii namba 16/009 ya tarehe 15 julai 2016 inaihesabu pamoja na ajali za kazi. Basi ijulishe ofisi upesi, taja saa, mahali na mashahidi. Lakini msihesabu franka hizo kama faida. Bibi ya ndugu yetu angezirudisha zote leo, kama zingemrudishia mtu aliyekuwa akimwita kwa jina.

NENO LA MWISHO, KWA NYUMBA

Kazini tuna kapita, tuna vibao vyekundu, tuna mtu wa usalama mwenye daftari. Njiani hakuna. Kwa hiyo tunaomba nyumba iwe kapita. Mama, unapompa bwana wako chakula chake cha posti, tazama kama kaske ya tukutuku iko mlangoni pamoja na mfuko. Mtoto, mwulize baba, "Kaske yako iko wapi?" Mtu anaweza kumdanganya polisi, lakini ni vigumu kumdanganya mtoto wake anayesimama mlangoni.

Na wewe, ndugu mfanyakazi, kesho asubuhi utakapopita ule mlango mkubwa, na mkono wako ukiinuka kuvua kaske ya kazi, ivue. Umeifanyisha kazi yake, iende mfukoni. Lakini usipande tukutuku mpaka umeshika ile nyingine, umeivaa, na umesikia kamba yake imefunga chini ya kidevu.

Posti yako haijaisha mlangoni. Inaisha unapoingia nyumbani na kuwaita watoto wako, kila mmoja kwa jina lake.